Bwana Harusi Kwenye Utelezi

Siku ya tisa ya mvua, Fundi alijilaza chali chini ya gari jeupe, akafungua kizibo cha difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma, na kukinga kopo. Oili iliyotoka haikuwa ya rangi ya asali kama inavyotakiwa. Ilikuwa nyeusi tii, na ilinuka kama nywele zilizoungua. Gari lenyewe lilikuwa na miezi minane tu tangu livuliwe nailoni za kiwandani.

"Chopa," aliita bila kutoka kule chini. "Hebu njoo unuse."

Chopa alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na ndiye dereva wa gari hilo. Jina walimpa madereva wenzake, kwa madai kwamba akikata kona magurudumu hayagusi ardhi. Alichuchumaa, akanusa, akakunja pua.

"Si harufu ya oili tu hiyo, dada?"

"Oili hainuki hivi. Hii imepikwa. Ile taa ya njano imewaka mara ngapi?"

Chopa alijikuna kisogo. "Mara moja moja. Ukisimama kidogo inazimika yenyewe."

"Inawaka wapi?"

"Kule juu. Ukikaribia kona ya mwamba."

Fundi alijiburura akatoka, akaketi juu ya boksi la spana huku akifuta mikono. Mvua ilikuwa inayapiga mabati juu yao bila kupumzika, na katika banda lile mtu alilazimika kupaza sauti hata kuomba bisibisi.

Karakana ya hospitali ilikuwa banda tu, lililobanwa kati ya chumba cha kufulia na chumba cha maiti. Magari yalikuwa matatu, na madereva walikuwa wameyapa majina kama watu wa ukoo mmoja. Mkubwa wao alikuwa Bibi, chuma cha zamani kilichojaa kutu, chenye kigia cha pili kifupi kilichochomoza sakafuni. Ukikivuta kile kigia, magurudumu ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja yakazunguka kama kitu kimoja. Ukikivuta tena, unapata gia nzito, na hapo Bibi hutambaa kama jongoo wala hasikii la mtu. Mgonjwa aliyepandishwa ndani yake alitikiswa mpaka akasahau alikuwa anaumwa wapi.

Wa pili alikuwa Shangazi. Huyo alivuta kwa magurudumu yote manne saa zote, upende usipende, na alikuwa na swichi ya kufunga katikati pale gurudumu moja linapoanza kuzunguka bure na kuwanyima nguvu wenzake. Wa mwisho ndiye huyu mweupe, waliyemwita Bwana Harusi kwa weupe wake na maringo yake. Yeye alikwenda kwa magurudumu ya mbele tu ili kubana mafuta. Ya mbele yakianza kuteleza, kompyuta humwamuru klachi mdogo wa nyuma, mwenye ukubwa wa kisahani, akamate, na ndipo ya nyuma nayo huja kusaidia.

"Ni gari zuri," Fundi alikuwa akisema kila mara, maana hakupenda kumsingizia hata mashine. "Kwenye lami yenye maji hamshindi yeyote kati ya hawa wawili."

Lakini barabara ya kwenda zahanati ya juu mlimani haikuwa na lami. Ilikuwa kilomita kumi na moja za udongo mwekundu wa mfinyanzi, na mwezi uliotangulia greda ilikuwa imepita ikaukwangua wote, kisha wenye greda wakaondoka bila kumwaga kokoto hata toroli moja. Ikinyesha, hata mbuzi walikuwa wakishuka kwa makalio.

"Yule klachi anaitwa kusaidia mara moja, kisha aachiwe," Fundi alimwambia mdogo wake. "Wewe ukipanda kule unamwita kilomita saba mfululizo. Anachemka. Akizidiwa, kompyuta inamwachisha kazi asiungue, ndiyo hiyo taa ya njano. Hapo unabaki na magurudumu mawili, tena ya mbele, na uzito wote uko nyuma. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Lakini si huwa nafika?"

Hilo ndilo lililomtia Fundi baridi. Alikuwa anafika.

Ofisa ugavi wa hospitali, ambaye nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Katalogi, ndiye aliyechagua gari lile. Alikuwa mtu mwungwana, shati limepigwa pasi, na hakuwahi kumpandishia Fundi sauti. Alimsikiliza asubuhi ile mpaka mwisho, akanusa kopo, akalisogeza mbali na karatasi zake.

"Fundi, mimi sipingani na mikono yako," alisema. "Lakini nilisoma kila ukurasa. Hili ni gari la magurudumu manne. Bibi ni magurudumu manne. Manne ni manne."

"Yanaitwa jina moja, bosi, lakini hayafanyi kazi moja."

"Basi nionyeshe."

Fundi akadhani hapo ndipo amempata. Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na mteremko wa udongo uleule mwekundu, mrefu kama nyumba tatu, na maji ya kufulia yalikuwa yakiushukia mchana kutwa. Madereva wakayaleta magari yote matatu. Wauguzi wawili watatu wakachungulia madirishani, kwani katika mvua ya siku tisa watu huwa tayari kutazama chochote.

Shangazi alianza. Alifika katikati, gurudumu moja la nyuma likapiga tope, likaanza kuzunguka kama feni, na lile jitu zima likasimama likinguruma pasipo kusogea. Dereva wake alipobonyeza swichi ya kufunga, likajikokota mpaka juu. Bibi alipanda kwa gia nzito bila wasiwasi, ila alipotakiwa kupinda juu kule alikataa, akaenda moja kwa moja kwenye michongoma, kwa sababu magurudumu yaliyofungwa pamoja hayapendi kona. Wauguzi wakacheka.

Kisha Chopa akaja na Bwana Harusi. Magurudumu ya mbele yaliteleza kiasi cha kufumba na kufumbua, ya nyuma yakadaka, na gari likapanda kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Likapinda vizuri, likashuka upande wa pili. Wauguzi walipiga makofi.

"Rudia," Fundi alisema.

Likapanda tena, vilevile.

Bwana Katalogi aliukunja mwavuli wake nusu, akatabasamu, wala si kwa kejeli. "Nimeona, Fundi. Ahsante kwa kutuondolea shaka." Akageuka akaenda ofisini kwake.

Fundi hakumwachia Chopa ashuke garini. Alimpandisha mara ya tatu, ya nne, ya tano, bila kupumzisha. Mara ya sita taa ya njano ikawaka. Gari likafika katikati ya mteremko, magurudumu ya mbele yakazunguka yakirusha tope hadi kwenye mashuka yaliyoanikwa chini ya paa, na ya nyuma yakatulia tuli kana kwamba hayahusiki. Kisha lote likaanza kurudi nyuma taratibu, kichwa kikigeuka upande, na breki zikiwa zimekanyagwa hadi mwisho.

Chopa alipotoka, kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo.

"Sasa umeona," dada yake alisema.

"Nimeona. Lakini yeye hakuona."

Madirishani hapakuwa na mtu tena.

Simu kutoka zahanati ya juu iliita saa saba mchana. Aliyepiga alikuwa nesi mkuu wa kule, mama mmoja mtulivu ambaye kwa miaka kumi na tano hakuwahi kuomba kitu mara mbili. Alisema nyuma ya wodi ardhi imepasuka. Asubuhi ufa ule ulikuwa wa kuingiza kidole; sasa alikuwa ameingiza mguu mzima. Mlango wa stoo ulikuwa umegoma kufunguka, kwa kuwa ukuta ulikuwa umeinama. Alikuwa na wagonjwa watatu na watu wao, akataka wateremshwe leo, wasingoje kesho.

Shangazi alikuwa ameshaondoka na daktari kwenda mjini. Dereva wa Bibi alikuwa amelazwa kwa homa katika wodi ya wanaume, hospitali hiyohiyo. Wakabaki Fundi na mdogo wake.

"Bibi nitamwendesha mwenyewe," Fundi alisema. "Peke yangu ninatosha."

"Watu sita na mtoto mchanga, kwenye gari moja?" Bwana Katalogi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka. Safari hii hakuwa na katalogi mkononi. "Na mmoja hawezi kukaa, lazima alale. Nendeni na yote mawili. Tafadhali."

Hakuwa mtu mbaya. Fundi alikuja kulisema hilo mara nyingi baadaye, na kila mara lilizidi kumkasirisha.

Waliondoka Bibi akitangulia. Kwa kilomita nne za kwanza hapakuwa na tatizo. Barabara ilikuwa na mawe kiasi, na Chopa alifuata nyuma akiwasha taa na kuzizima kwa utani, kama anayemwambia dada yake aongeze mwendo. Kisha mawe yakaisha. Fundi alivuta kigia kifupi, akahisi Bibi akijikaza chini yake, na kazi ikaanza.

Alikuwa ameipanda barabara ile mara nyingi, lakini siku hiyo hakuitambua. Maji yalikuwa yakibubujika ukutani kwa mlima mahali ambapo hapakuwa na chemchemi. Miti ya upande wa juu ilikuwa imelala kidogo, yote kuelekea barabarani. Vijiwe vidogo vilikuwa vikidondoka kimoja kimoja, kwa utaratibu, na havikuwa vikidondoshwa na mvua. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Fundi alifungua kioo apate kusikia vizuri, halafu akakifunga.

Kwenye kilomita ya nane alitazama kioo cha pembeni akaona taa za Bwana Harusi zimebaki nyuma. Akasimama, akashuka, akatembea kwa kushikilia ukingo wa udongo. Chopa alikuwa ndani ametazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Zima gari. Tungoje ipoe."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini. Thelathini tukiwa nazo."

Walikaa pamoja ndani ya gari jeupe, vioo vikijaa ukungu. Harufu ya kuungua ilikuwa imeingia mpaka kwenye viti. Chopa alitoa mfuko wa karanga, wakala. Chini ya barabara, upande wa kushoto, bonde lilikuwa limejaa mawingu na halikuonyesha mwisho wake.

"Dada, kushuka si itakuwa rahisi? Kushuka hakuhitaji kuvuta."

Fundi alimtazama. Mdogo wake alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na miaka sita kazini, na hakuna aliyewahi kumwambia hilo.

"Kushuka ndiko kubaya," alisema. "Magurudumu manne yanayovuta yanakusaidia kuondoka. Kusimama hayakusaidii hata kidogo. Wakati wa kusimama kila gari lina magurudumu manne, hata lile la kubebea maziwa. Bibi nitamtia gia nzito, injini imshike shingo, imshike mbele na nyuma kwa pamoja. Wewe injini yako inashika ya mbele tu. Yakiteleza hayo, usukani umekufa. Na matairi yako ni ya lami, yameshajaa udongo, yamekuwa kama sabuni."

"Niliomba matairi mengine."

"Najua. Na mimi niliomba. Tukifika juu, hili gari linabaki huko."

Taa ilizimika. Wakafika kwenye saa kumi kasoro.

Nesi aliwapokea nje akiwa na mifuko miwili ya dawa na daftari la wagonjwa limefungwa ndani ya nailoni. Hakusalimia. Aliwapeleka nyuma ya wodi akawaonyesha. Ufa ulikuwa umekwenda toka kona ya jengo hadi kwenye tangi la maji, na upande wake wa chini ulikuwa umeshuka kama ngazi moja. Ukisimama pale na kunyamaza, ulisikia sauti ndogo chini ya miguu, kama mtu anayetafuna sukari guru.

"Twende," Fundi alisema.

Waliwapakia wote ndani ya Bibi. Mzee mwenye dripu ya maji mkononi alilazwa sakafuni juu ya godoro. Mama mwenye kichanga cha siku tatu alikaa na mkwewe, yule mkwe akiwa amemkumbatia mjukuu ndani ya kanga tatu. Mwenye mguu uliovunjika alibanwa kwenye pembe, mguu ukiwa umenyooshwa juu ya mapaja ya mkewe, naye mke hakuacha kumpiga vijembe kwa woga. "Ulisema unapanda paa kuziba tundu moja. Sasa tumelihama paa lenyewe." Nesi alikaa mbele. Palijaa pomoni, lakini walienea.

Fundi alipogeuka, alimwona Chopa amekaa kwenye usukani wa Bwana Harusi, mlango wazi, simu sikioni. Alimsikia akisema, "Ndiyo mzee. Ndiyo. Nimeelewa."

"Shuka," alimwambia.

"Bwana Katalogi anasema nisiliache. Anasema nikiliacha mlimani nisirudi kazini."

"Yeye yuko chini kwenye kiti kikavu. Shuka, Chopa. Ukasimame nyuma ya Bibi ushikilie bomba."

"Dada, nimelisainia mimi. Jina langu ndilo liko pale. Nitakuja mbali nyuma yako, mita mia mbili. Sina mgonjwa, gari ni tupu. Nitakwenda kwa gia ya kwanza. Pole pole, kama nabeba mayai."

Fundi angeweza kumvuta kwa shati. Alikuwa amemfulia nguo, amemfunza kufunga kamba za viatu, alimchapa alipotoroka shule. Angeweza kuchukua ufunguo na kuutupa bondeni, na mpaka leo anaona mkono wake ukifanya hivyo. Lakini nyuma ya wodi kitu kilikatika, mlio mmoja mkavu, na ndani ya Bibi kichanga kikaanza kulia, na nesi akasema, "Fundi!" kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia.

"Mita mia mbili," Fundi alisema. "Usikanyage breki kwa nguvu. Likianza kuteleza, ligongeshe ukutani upande wa mlima. Umesikia? Bodi itanyooshwa."

"Nimesikia."

Bibi alishuka akinguruma, gia nzito, miguu ya Fundi ikiwa mbali na kanyagio zote. Gari lilijishika lenyewe. Mara kwa mara lilinyiririka kiasi cha shibiri, likajipata tena, na kila mara watu wa nyuma walivuta pumzi kwa pamoja. Fundi alitazama mbele, kisha kwenye kioo, kisha mbele. Taa mbili nyeupe zilikuwa mbali nyuma, zimetulia. Kona ya kwanza, zipo. Kona ya pili, zipo.

"Anajitahidi," nesi alisema.

"Anajitahidi."

Waliikaribia kona ya mwamba. Pale barabara inabanana: kushoto ukuta wa jiwe na mtaro, kulia hakuna kitu. Fundi alitazama kioo, na taa zilikuwa kubwa kuliko zilivyopaswa kuwa.

Halafu honi ikalia. Haikuwa ya vipande vipande, ilikuwa moja ndefu isiyokatika.

Bwana Harusi alikuwa anakuja kwa ubavu. Hakuwa na mwendo mkubwa, hilo ndilo lililotisha; alikuja kwa mwendo wa mtu anayekimbia kidogo, magurudumu ya mbele yamekatwa yote upande wa mlima na gari lenyewe likielekea kwingine, bila mlio wowote zaidi ya ile honi. Fundi aliona taa nyekundu za breki zikimulika ukuta wa udongo. Aliona kwamba halitasimama.

Akili yake ikaenda haraka na kwa utulivu, kama inavyokwenda akiwa chini ya gari. Akibaki katikati ya barabara, Bwana Harusi atamgonga nyuma, na nyuma ndiko kulikolala mzee, ndiko kilikokaa kichanga. Na Bibi akisukumwa pale, wote wanakwenda bondeni. Akiongeza mwendo, kona hataipata. Akijibana kushoto, mpaka ndani ya mtaro, atakuwa ameacha njia wazi. Na njia iliyoachwa wazi ilikuwa upande mmoja tu.

Alikata kushoto.

Bibi alizama mtaroni, ubavu ukasaga jiwe, kioo cha pembeni kikapasuka, mtu akapiga ukelele. Gari jeupe likapita kulia kwao, karibu sana kiasi kwamba Fundi angeweza kuligusa. Alimwona mdogo wake. Mlango wake ulikuwa umefunguka, na alikuwa anamtazama yeye. Kisha Chopa akaruka, na gari likaendelea peke yake hadi mwisho wa barabara, likainua mkia, likatoweka. Sauti yake ilichelewa mno kufika.

Walimkuta ameshikwa na gogo la mti uliokatwa, hatua tatu chini ya ukingo, nyonga imekaa vibaya na uso umejaa tope. Alikuwa hai. Nesi alishuka kwa tumbo, Fundi akafuata, na yule mke wa aliyevunjika mguu, mwenye mdomo wake, aliwavuta wote watatu kwa kanga zilizofungwa pamoja akiwatukana na kulia. Walimlaza Chopa sakafuni, ubavuni mwa mzee. Bibi alitolewa mtaroni kwa gia nzito, mara ya nne ndipo akakubali.

Walikuwa wamefika kwenye yale mawe ya chini waliposikia mlima. Hakuna aliyegeuka kutazama, maana mawingu yasingewaonyesha kitu. Ulikuwa mngurumo mrefu, kama malori mengi yanamwaga kifusi kwa wakati mmoja, na ulipokwisha ukimya wake ulikuwa mbaya zaidi. Kesho yake watu waliokwenda kwa miguu walirudi wakasema tangi la maji limeonekana kilomita moja chini ya lilipokuwa, na wodi haikuonekana popote.

Kikao cha uchunguzi kilikaliwa wiki ya tatu, mvua ikiwa imeanza kupungua. Bwana Katalogi aliandika kwamba chanzo kilikuwa mwendo wa dereva. Alipoombwa aeleze simu ile, aliinamisha kichwa, akasema alidhani anaokoa mali ya hospitali. Fundi alieleza habari ya klachi na oili iliyoungua, matairi, na jinsi majaribio ya mara mbili yanavyoweza kudanganya pale ambapo mara sita zingesema kweli. Mwenyekiti alimsikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo gari lingine lingeshuka salama?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Wote walikuwa wanangoja aseme ndiyo, waandike, waende nyumbani.

"Sijui," Fundi alisema. "Shangazi angeweza kuteleza vilevile. Hata Bibi, kwa matairi yale ya lami. Barabara ile siku ile haikuwa ya gari lolote. Bibi alikuwa na namna ya kujishika kidogo zaidi, basi."

Jibu hilo halikumfurahisha mtu. Waliamua magari ya aina ya Bwana Harusi yabaki kwenye lami, na kwamba kila gari litakalonunuliwa lipite kwanza mikononi mwa karakana. Bwana Katalogi alihamishiwa kitengo cha mashuka na vitanda.

Chopa alikaa wodini miezi minne. Nyonga iliunga, lakini mguu mmoja ulibaki mfupi kuliko mwenzake, na udereva ukaishia hapo. Akapewa kazi kwenye dirisha la dawa. Siku moja, akiwa bado kwenye kitanda chenye mawe ya kuvutia mguu, Fundi alimletea uji, akaketi, akamwambia lile alilokuwa amelificha tangu siku ile.

"Nilikata kushoto kwa makusudi. Nilijua nikikata, wewe unapita wapi."

Chopa aliendelea kukoroga uji. "Najua."

"Unajua nini?"

"Ile honi nilikuwa nakwambia ukate. Niliona unasitasita, nikasema, mama yangu, huyu atanisubiri. Nikaishikilia."

Fundi alimtazama usoni muda mrefu. Mdogo wake alikuwa mwongo hodari tangu utotoni, hasa pale alipotaka kumwondolea mtu mzigo, na pale kitandani, akiwa amekonda na macho yamemtoka, uso wake haukumwonyesha chochote. Fundi alisubiri aseme zaidi. Chopa alikunywa uji wake, akaomba sukari.

Hakumuuliza tena. Masika yaliyofuata yalipoingia, Fundi alikaribia kuhamia na kulala pale karakanani; kila gari lililotaka kwenda upande wa mlima lilipaswa kupitia kwake, na mara nyingi alisema hapana, na madereva wakajifunza kutobishana. Watu walimheshimu zaidi kuliko zamani. Mama yao, kila akipata mgeni, humwita Fundi atoke jikoni, humsimamisha mbele ya watu, na kuwasimulia jinsi binti yake alivyomtoa ndugu yake mdomoni mwa bonde. Hulisimulia vizuri, kwa mikono na machozi, na Fundi husimama pale ameshika sinia, akingoja amalize.